Siku ya Thelathini na Sita

Ba Haddu alizikwa Jumatano, na siku tatu za kwanza hakuna msichana wa timu ya Tafukt aliyegusa mpira. Si kwamba walikatazwa. Walikuja uwanjani jioni kama kawaida, wakakaa ukingoni mwa mfereji, viatu vya kuchezea mapajani, wakautazama ule udongo mwekundu. Baridi ilipoanza kushuka kutoka mlima Ayachi waliinuka mmoja mmoja, wakarudi kwao. Itto, kocha wao, alikaa nao. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana shahada ya elimu ya michezo aliyoipata Meknes na hana kazi, na marehemu ndiye mtu pekee katika mji mzima wa Midelt aliyewahi kumwita mwalimu bila kucheka.

Ba Haddu alikuwa mchimba madini. Ujanani alilinda goli la timu ya mgodi. Mgodi ulipofungwa, wenyewe waliondoka na kila kitu chao, hata nguzo za magoli. Yeye alikwenda bondeni na mkokoteni, akaokota vipande vinne vya reli, akavichimbia ardhini mwenyewe. Tangu hapo uwanja ukawa wake kwa jinsi kisima kinavyokuwa cha aliyekichimba: kila mtu anateka, lakini jina ni lake. Itto alipowaleta wasichana kumi na wanne miaka miwili iliyopita, vijana wa mtaa waliwarushia vijiwe na maneno. Mzee hakugombana na mtu. Alileta kiti cha nyumbani kwake, akakiweka juu ya mstari wa pembeni, akaketi. Alifanya hivyo jioni tisa mfululizo, anakohoa na kunywa chai kutoka kwenye chupa. Jioni ya kumi vijana wakaja kumwuliza kama wasichana wangekubali mechi ya kirafiki.

Kwa hiyo walipoandikisha chama cha timu, hapakuwa na mjadala juu ya nani awe mwenyekiti. Akawa yeye. Makamu wake alikuwa mpwa wake mmoja ambaye kwa zaidi ya mwaka sasa anachuma ndimu ng'ambo, huko Murcia. Hakuna aliyewahi kulifuta jina la makamu huyo, kwa sababu kumfuta mtu aliye safarini ni kama kumtakia asirudi.

Siku ya tisa tangu mazishi, barua ya mkoa ikafika. Mfuko wa kusaidia michezo ya mitaani ulikuwa umepitisha ombi la Tafukt, ombi ambalo Itto alikuwa ameliandika na kuliandika upya majira yote ya baridi, mikono ndani ya soksi. Fedha ile ingelipia ada ya kuingia ligi ya wanawake ya kanda, kadi za wachezaji, bima, na basi dogo la kwenda mechi za ugenini. Kilichobaki ni kimoja tu: mwenyekiti wa chama afike, atie saini mkataba mbele ya ofisa. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatano, wiki nne mbele. Itto alihesabu kwa vidole akiwa amesimama pale pale mlangoni. Itakuwa siku ya thelathini na sita.

Ofisa mwenyewe aliitwa Si Abdenbi, hiyo “Si” ikiwa na maana ya Bwana, mtu mwembamba mwenye mafua ya kudumu. Hakuwa mbaya. Alimsikiliza Itto mpaka mwisho, akampa pole, akamwombea marehemu, kisha akafungua katiba ya chama na kumwonyesha kifungu. Mwenyekiti akifariki, mkutano mkuu unachagua mwingine. Watu kumi wanatosha, chumba chochote kinatosha, saa moja inatosha. Wamletee muhtasari wenye saini, naye atawapa stakabadhi yenye jina jipya siku hiyo hiyo.

"Hata kesho," alisema. "Mimi nipo."

Itto akamwambia kwamba mzee hata wiki mbili hajamaliza kaburini.

"Najua, binti yangu. Na mimi nimezika baba." Si Abdenbi alipenga kamasi, akakunja kitambaa chake vizuri. "Lakini serikali haijawahi kufiwa. Ndiyo maana haielewi."

Itto alitoka pale na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Pale Midelt hakuna aliyepaswa kuelezwa maana ya siku arobaini. Mpaka zitimie, mahali pa marehemu hapakaliwi. Nguo zake hazigawiwi, duka lake halibadilishwi kibao. Siku ya arobaini watu hukusanyika nyumbani kwake, wanasoma, wanakula, na mjane, hata kama eda yake bado inaendelea, anawaambia walimwengu waendelee na dunia yao. Kabla ya hapo, kumtafutia marehemu mrithi wa cheo ni kumsukuma kwa miguu ashuke upesi.

Tatizo ni kwamba palikuwa na Tuda.

Tuda alikuwa mshambuliaji wao, miaka kumi na saba, mrefu, mwenye mbio za mtu aliyezoea kuwafukuza mbuzi kwenye mteremko. Itto alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya vipaji na hakuona humo maneno ya kumweleza. Tuda akipokea mpira mgongo ukielekea goli, wenzake walikuwa wanaanza kushangilia kabla hajageuka. Mwezi Agosti mvua ya mawe iliangusha matufaha yote ya baba yake wiki mbili kabla ya kuchumwa. Baba huyo, Akka, alikaa chini ya miti yake siku nzima, jioni akaamua. Tuda aache shule, aende Tangier kwa mke wa amu yake, kiwandani, kwenye cherehani.

Itto alikwenda kumbembeleza. Akka alimpokea kwa adabu, akamkaribisha chai yenye majani machungu ya shiba, akamsikiliza. Alimwambia kwamba yeye hana ugomvi na mpira. Ugomvi wake ni na mawe yaliyotoka mbinguni, na hayo hana pa kuyashitaki. Ila alikuwa amechoka kuona binti anarudi na magoti yaliyochubuka kwa kitu kisicho na jina. Kama timu itaingia ligi kweli, binti apewe kadi yenye picha yake, kuwe na bima na basi linaloeleweka, basi yeye atakopa kwa shemeji yake na binti atabaki mwaka mmoja amalize shule.

"Niletee karatasi yenye muhuri," alisema. "Maneno mazuri ninayo mengi, mengine nakuuzia."

Itto alicheka, naye Akka akacheka. Wakakubaliana kwamba atasubiri mpaka ile Jumatano.

Wajumbe wa chama walikutana kwenye kibanda cha kunyolea cha Moha, katibu wao, huku Moha mwenyewe akiendelea kunyoa. Walikuwa kumi, wengi wachimbaji wa zamani, wanaume wanaokohoa kwa zamu. Itto aliwasomea barua. Mzee mmoja akauliza kama haiwezekani kuiandikia serikali isogeze tarehe. Mwingine akauliza, je, yule makamu wa Murcia hawezi kusaini kwa simu. Moha akasema makamu yule hata baba yake hampigii simu, sembuse mkoa.

Kisha Moha akasimamisha wembe shingoni mwa mteja, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu barafu kwa ncha ya kiatu, "Au tufanye huo mkutano. Humu humu. Tufunge mlango."

Wote walimtazama Itto. Ndiye aliyeileta timu, ndiye aliyejua makaratasi, na jina lililokuwa kwenye fikra za kila mmoja kuwa ndilo la mwenyekiti mpya lilikuwa lake. Itto alihisi uso unawaka. Alimwona Ba Haddu amekaa kwenye mstari ule na chupa yake ya chai, halafu akajiona yeye anainua mkono kumpigia kura mtu mwingine, na mtu huyo ni yeye mwenyewe.

"Tusubiri," alisema. "Nitaandika barua ya kuomba tarehe isogezwe. Haya mambo hawakosi kuyaelewa."

Wazee walishusha pumzi. Mmoja alimshika bega wakati wa kutoka, akamwambia kwamba amelelewa. Itto alitembea na sifa hiyo mpaka nyumbani, na ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia.

Barua ya kuomba kusogeza tarehe haikujibiwa. Alirudi kwa Si Abdenbi mara mbili, na mara ya pili ofisa yule alimwonyesha rundo la mafaili ya timu nyingine zilizokuwa zinangoja mwenye nafasi aanguke. Alimpa kikaratasi chenye namba yake ya simu ya mkononi, jambo ambalo maofisa hawafanyi.

Ilipofika Ijumaa ya siku ya thelathini na moja, Itto aliamua. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lingefungua mlango, naye ni mjane, Lalla Yamna. Yeye akisema fanyeni, nani atasema msifanye? Alijifunga kitambaa vizuri, akabeba kilo ya sukari, akaenda baada ya sala.

Lalla Yamna alikuwa amevaa nyeupe kuanzia kichwani hadi soksi, kama wavaavyo wajane wa huko edani. Alikuwa amepungua. Alimkalisha Itto karibu na jiko la kuni, akaleta kuskusi ya Ijumaa kwenye sahani kubwa, na akaanza kumsukumia vipande vya malenge upande wake kama mgeni hajala mwezi mzima. Alizungumza juu ya mzee. Alisema usiku bado anaamka kumpa maji. Alisema mkwewe alitaka kulitoa koti lake pale kwenye msumari na yeye akamwambia aliache, halina haraka, koti halili.

Itto alikuwa amelipanga neno lake njia nzima. Alikuwa ameliweka tayari kwenye ulimi. Lakini aliliona lile koti, bega moja limeshuka kwa sababu ya mazoea ya mwenyewe, na neno likarudi lilikotoka.

"Na mabinti?" Lalla Yamna aliuliza. "Mambo yao na ile serikali yamefika wapi? Siku za mwisho alikuwa anayauliza hayo kuliko dawa."

Hapo ndipo ulipokuwa mlango, umefunguliwa mpaka nyuma. Ilibaki kupita tu.

"Yanaenda vizuri, Lalla," Itto alijibu. "Usijisumbue nayo."

"Alhamdulillahi," mjane akasema, na akamsukumia kipande kingine cha malenge.

Jumatano Itto alishinda ofisini kwa Si Abdenbi tangu saa mbili asubuhi. Hakuwa na cha kuwasilisha. Alikaa tu kwenye benchi la ukutani, kwa imani ile ya mtoto kwamba mtu akikaa mahali sana mambo yatamwonea haya. Si Abdenbi alipita mara kadhaa, akampa machungwa mawili. Saa kumi na nusu alikuja kukaa kando yake. Alimweleza kwamba nafasi ya Tafukt imekwenda kwa timu ya kijiji kingine, watoto wazuri pia. Akasema mwaka ujao waombe tena, na kwamba ombi lao lilikuwa bora kuliko yote aliyoyasoma. Itto alimshukuru. Alishuka ngazi, akakaa nyuma ya jengo palipoegeshwa baiskeli, na akalia mpaka mlinzi akaja, akaona, akageuka kwenda kulinda upande mwingine.

Akka hakumlaumu. Hilo ndilo lililouma. Alimsikiliza mlangoni, akaitikia kwa kichwa mara moja, mara mbili, kama mtu anayeambiwa hali ya hewa. Alikuwa tayari ameshaulizia nauli.

Tuda aliondoka Ijumaa kwa basi la asubuhi. Wasichana wote walikuja stendi, na kwa kuwa hawakujua wafanye nini na mikono yao wakaanza kutaniana. Mmoja akamwambia Tuda asisahau kwamba cherehani nayo hukanyagwa kwa mguu, kwa hiyo mguu wake wa kulia utapata ajira na ule wa kushoto utakuwa msindikizaji. Tuda alicheka. Alimkumbatia kila mmoja. Alipofika kwa Itto alisema polepole, "Kocha, usinitazame hivyo. Mimi ndiye ninayesafiri." Akapanda. Mama yake alikuwa amemfungia mkate na mayai ya kuchemsha, na kupitia kioo walimwona anavipakata kwa mikono miwili kama mtu anayemshikia mwenzake mtoto.

Jumapili ikatimia arobaini. Nyumba ya Ba Haddu ilijaa mpaka uani. Wasomaji walisoma, sahani zikaingia na kutoka. Itto alikuwa jikoni anaosha vyombo na wasichana wake wakati mama yake Tuda alipoingia chumba cha pili kumpa mjane mkono wa pole. Lalla Yamna alimwuliza binti yake yuko wapi, mbona hajamwona miongoni mwa wenzake. Mama akamweleza. Alieleza bila ubaya, kwa utaratibu: mawe, matufaha, mkataba, saini, Jumatano. Itto alisikia kila neno. Mikono yake ilibaki ndani ya maji.

Lalla Yamna alikuja jikoni. Aliwaomba wasichana watoke kidogo.

"Ulikaa pale," alisema, akionyesha upande wa jiko la kuni. "Nikakuuliza."

Itto alijibu kwamba hakutaka kumwongezea.

"Kuniongezea nini? Nilikuwa na nini cha kuongezewa?" Hakupandisha sauti. "Itto, mwanangu. Yule mtu alikaa kwenye jua jioni tisa, mapafu hana, kwa ajili yenu. Ungeniambia, ningewaita mimi hao wazee wa Moha siku ile ile. Wangeinua mikono hapa hapa, na mimi nikiwa nimekaa na nyeupe yangu. Mnadhani angekasirika? Mmemheshimu mpaka mmemharibia."

Itto alitoa mikono kwenye vyombo, maji yanamdondoka viwikoni. Mjane akachukua kitambaa, akamshika mkono mmoja, akaukausha, akaushika wa pili, akaukausha nao, kidole kwa kidole, na wakati huo wote wawili wakaanza kulia bila sauti ili wageni wasisikie.

Lalla Yamna hakungoja watu watawanyike. Alitoka uani na nyeupe yake, akamwambia Moha atafute kalamu. Mkutano mkuu wa chama cha Tafukt ulifanyika hapo hapo, kati ya viatu vya wageni, na ulichukua muda mfupi kuliko chai kupoa. Jina lilitajwa moja, la Itto. Mikono iliinuka yote, ya wachimbaji, ya wasichana waliofikisha umri na ya wasiofikisha ambao Moha aliwaambia washushe na hawakushusha. Hakuna aliyepiga makofi. Jumatatu asubuhi Si Abdenbi aligonga muhuri, akapuliza wino ukauke, na akampa mwenyekiti mpya stakabadhi kwa mikono miwili.

Itto alimpigia Tuda saa saba, muda wa mapumziko ya kiwandani. Nyuma ya sauti ya Tuda kulikuwa na kelele za wanawake wengi wanaokula kwa haraka. Alisema yu mzima. Alisema chumba kina wasichana watano na mmoja wao anakoroma kama lori linapanda mlima. Alisema bahari ameiona, kupitia dirisha la basi la wafanyakazi, ni kubwa kweli. Itto alimweleza habari za stakabadhi, za mwaka ujao, kwamba wataomba mapema, kwamba ligi ikianza msimu mwingine jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha. Alizungumza haraka, anaahidi juu ya ahadi, mpaka Tuda akamkatiza.

"Nani anacheza mbele sasa?" Tuda aliuliza.

Itto alimwambia hakuna. Jioni hizi wanacheza bila mshambuliaji wa kati. Wasichana wenyewe ndio waliotaka, wamepaacha mahali pake.

Kelele za kule zilianza kupungua, viti vikiburutwa. Mtu aliita kwa lugha ya amri.

"Mpange Hniya," Tuda alisema. "Mguu wake wa kushoto ni mzuri, ila anaogopa. Mwambie asingoje mpira umfikie." Akavuta pumzi. "Na msiniachie mahali, kocha. Tafadhali. Mkiniachia, mimi huku nitakuwa naona siku zote kwamba kuna mtu ananingoja."

Itto alisema sawa. Alilisema mara mbili, ya pili simu ikiwa imeshakatika.

Jioni hiyo alimwita Hniya katikati ya uwanja, akamwelekeza mahali pa kusimama. Hniya, miaka kumi na mitano, alilitazama eneo lile la udongo, akawatazama wenzake, akasema haiwezekani, pale ni pa Tuda. Itto alimshika mabega kwa nyuma na kumsogeza hatua moja mbele, halafu nyingine, taratibu, mpaka miguu ya mtoto ilipofika.